Mbegu ya Mkoko na Siku Zake za Kushika

Siku ya kupanda mikoko huwa siku ya furaha. Wanafunzi wa skuli, kina mama wa vikundi na vijana wa shehia huingia topeni pamoja, na ufuko uliokuwa mtupu asubuhi huachwa adhuhuri ukiwa umejaa vijiti vya kijani vilivyopangwa safu kwa safu. Mabamvua mawili matatu yakishapita, hali huweza kuwa nyengine kabisa. Vijiti vyengine vimeng'olewa na kutupwa juu ya miamba, vyengine vimesimama lakini vimekauka kwa ndani, na vyengine vimegandwa na viumbe vidogo vya gamba, wale wale wanaoganda chini ya ngalawa, hata rangi ya mche haionekani tena.

Hasara hiyo si ya miche peke yake. Ukanda wa pwani ya Pemba umekatwakatwa na hori na ghuba kuanzia Micheweni hadi Mkoani, na mabonde mengi ya mpunga yako karibu mno na bahari. Maji ya chumvi yakipanda bondeni, mkulima hukosa mpunga msimu huo na pengine msimu unaofuata, kwa sababu chumvi hubaki ardhini mpaka ioshwe na mvua. Mikoko haiwi ukuta wa kuzuia maji yasipite. Atakayeambiwa hivyo ameambiwa kisicho kweli. Kazi yake ni kupunguza nguvu za mawimbi, kushika udongo usichukuliwe na mkondo, na kuwapa makaazi kaa, kamba na samaki wachanga. Kwa wafugaji wa nyuki, maua yake ni malisho. Kwa hiyo mche unaokufa ni siku ya kazi ya mtu iliyokufa pamoja nao, na aghlabu mtu huyo alikuwa na shamba lake lililokuwa likimsubiri.

Sababu ya miche kufa haitokani na uvivu wa wapandaji. Mara nyingi iko katika jambo dogo lisiloelezwa siku ya kupanda: namna mbegu hizi zinavyoota, na muda zinaohitaji kabla ya kuweza kusimama zenyewe.

Mbegu yoyote, iwe ya kunde, ya mpunga au ya mti wa msituni, huanza maisha yake kwa kunywa maji. Hunywa, huvimba, ganda hupasuka, na mzizi hutoka. Chumvi huharibu hatua hiyo ya mwanzo. Maji yaliyojaa chumvi hayaingii kwa wepesi ndani ya mbegu. Chumvi huyashikilia nje, na ikizidi huyavuta hata yale machache yaliyomo ndani. Anayetaka kuliona hilo kwa macho yake aloweke kunde chache katika kikombe cha maji ya mvua, na kunde nyengine katika kikombe cha maji ya bahari, kisha aviangalie vikombe vyote viwili kwa siku tatu. Ndiyo maana bonde lililoingiwa na chumvi huweza kuonekana majimaji huku mpunga ukifa kwa kiu.

Mimea ya nchi kavu yenye chumvi imelitatua tatizo hilo kwa kusubiri. Katika majangwa ya Asia ya Kati na Australia kuna vichaka vya malisho ambavyo mbegu zake hufunikwa na vijani vidogo vyenye chumvi ndani yake. Mvua ndogo ya kupita haiwezi kuiosha chumvi hiyo, hivyo mbegu hailaghaiki. Inaota pale tu mvua ya kutosha imenyesha, ikaosha chumvi ya vijani hivyo na kuilowesha ardhi. Uzbekistan, mahali ambapo Bahari ya Aral ilianza kukauka katika miaka ya 1960 na kuacha tambarare kubwa ya chumvi na vumbi, watu hupanda kichaka kiitwacho saksauli kuzuia vumbi hilo. Mbegu ya saksauli haidumu. Baada ya mwaka mmoja hivi uwezo wake wa kuota huwa umepotea. Kwa hiyo humwagwa majira ya baridi ili ikutane na unyevu wa mwanzo wa majira ya kuchipua, kabla jua halijaikausha ardhi. Akichelewa mpandaji, mwaka mzima umepita bure.

Mikoko imechukua njia ya kinyume. Haisubiri kabisa. Mbegu ya mkoko haianzi kuota katika tope la chumvi, bali huota ikiwa bado imeshikana na mama yake mtini. Kile kijiti kirefu cha kijani kinachoning'inia, ambacho wengi hukiita tunda, kwa hakika ni mche uliokwisha kuota. Mti mama humpa mtoto maji na chakula ambavyo chumvi imekwisha kupunguzwa, mpaka atakapokuwa na nguvu ya kuikabili bahari. Anapoanguka, hatua ile ngumu ya kunywa maji ya kwanza amekwisha kuivuka.

Hapa inafaa kutenganisha majina, kwa kuwa neno mikoko, na kwa wengine mikandaa, hutumika kwa miti yote ya tope la bahari, ilhali tabia za mbegu zake hazifanani. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyopinda kama magongo, hutoa mche mrefu ambao huweza kufikia nusu mita na zaidi. Mkandaa hutoa mche wa namna hiyo hiyo lakini mwembamba na mfupi, unaokaribia urefu wa kiganja au kuzidi kidogo. Msinzi nao hutoa mche mnene unaoanguka pamoja na kikombe cha ua lake. Miche ya aina hizi tatu imebeba akiba kubwa ya chakula, na ule wa mkoko huweza kuelea baharini kwa wiki nyingi ukiwa bado hai.

Mchu ni tofauti. Mbegu yake ni bapa na ndogo, mfano wa kunde kubwa iliyobanwa, na mche umo ndani ya ganda jembamba. Ikiangukia majini, ganda huvuka baada ya muda mfupi, majani mawili ya mwanzo yaliyokunjwa hufunguka, na mzizi hutoka mara moja. Haina kijiti cha kuchomeka topeni. Imelala juu ya tope tu, na wimbi dogo linatosha kuiondoa. Mlilana uko mbali zaidi na mkoko: tunda lake la duara limejaa mbegu ndogo ndogo nyingi ambazo hazijaota, nazo huanza safari yao topeni kama mbegu za miti mengine. Mtu anayedhani kuwa mikoko yote hupandwa kwa kuchomeka kijiti basi ameshaacha nusu ya miti hiyo nje ya hesabu yake, na mchu na mlilana ndiyo miti inayotangulia mbele kabisa kuelekea bahari katika fukwe nyingi.

Zile zinazoota mtini, kubwa na ndogo, zina udhaifu mmoja. Kwa kuwa zimekwisha kuota, haziwezi kuwekwa. Mbegu za mpunga huhifadhiwa ghalani hadi msimu ujao. Mbegu za mchu zikiachwa juani siku chache huharibika. Wala tope halina akiba ya mbegu zilizolala zikingoja mwaka mzuri, kama ilivyo kwa mimea mengi ya bara. Miti mama ikikatwa yote katika hori moja, hori hiyo haina cha kuiotesha tena isipokuwa mbegu zitakazoletwa na maji kutoka kwengine.

Je, mbegu inayoanguka topeni inahitaji nini ili ishike? Inahitaji muda wa kutosumbuliwa. Mwaka 2011 watafiti walioongozwa na Thorsten Balke walieleza jambo hili kwa kuchunguza miche ya jamii ya mchu, na maelezo yao yanaingia akilini mwa kila mtu aliyekulia pwani. Mche una vizingiti vitatu vya kuvuka. Kwanza, lazima upate siku kadhaa ambazo maji hayaufikii, ili mzizi uingie topeni. La sivyo unaelea na kwenda zake. Pili, mzizi uwe mrefu kiasi cha kuushikilia pale maji yatakaporudi na kuutikisa. Tatu, uwe mrefu zaidi ya hapo, kwani itafika siku ya mawimbi makali yatakayochimba tope lenyewe kuuzunguka. Mche unaoshindwa kizingiti kimoja haupewi nafasi ya pili.

Jangwani siku hizo za nafasi huletwa na mvua. Pemba huletwa na mwezi. Wavuvi na wakulima wa mwani hawahitaji kufundishwa kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, wala kwamba bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na kwamba baada ya mwezi kufika tarehe 7 au 8, na tena 22 au 23, huja maji mafu ambayo hayapandi juu sana wala hayashuki chini sana. Sehemu ya juu ya ufuko, inayofikiwa na maji ya bamvua tu, hukaa wakati wa maji mafu bila ya kulowa kwa siku kadhaa mfululizo. Siku hizo ndizo mbegu ya mchu inazozihitaji. Ikitua mahali hapo bamvua linapoanza kurudi nyuma, inapata karibu wiki ya kuota mzizi kabla ya bamvua jengine. Ikitua hapo hapo siku mbili kabla ya bamvua, imetua bure.

Ni ajabu kidogo kwamba elimu hii, ambayo kila nahodha anayo kichwani, haichukuliwi wakati wa kupanga siku ya kupanda. Siku hupangwa kwa kufuata ratiba ya wageni, gari na sherehe. Kalenda ya mwezi ingetazamwa kwanza, miche mingi ingepona kwa gharama ya karatasi moja. Itazamwe pia miezi ya Machi na Septemba, ambapo mabamvua huwa makubwa kuliko ya miezi mengine. Mche mchanga uliopandwa siku chache kabla yake hukutana na maji mengi kabla haujajiweza.

Baada ya siku huja mahali, na hapa ndipo makosa makubwa zaidi hutendeka. Ufuko wa chini, wenye tope tupu au majani ya bahari, ndio rahisi kupanda: hauna miti, hauna mgogoro wa umiliki, na ni mpana. Lakini mara nyingi hauna miti kwa sababu maji huufunika kwa saa nyingi mno kila siku. Mche uliofunikwa muda mrefu haupumui vya kutosha, hauna siku za kushika, na viumbe vya gamba huushukia na kuulemea. Kupanda juu ya majani ya bahari kuna hasara mara mbili, kwani miche hufa na malisho ya samaki huharibiwa.

Nchi nyengine zimelipia somo hili kwa fedha nyingi. Ufilipino ilipanda mikoko kwa miongo kadhaa, na mwaka 2008 Jurgenne Primavera na mwenzake J.M.A. Esteban walichapisha tathmini iliyoonesha kuwa miche iliyobaki hai kwa muda mrefu ilikuwa asilimia 10 hadi 20 tu. Sababu waliyoieleza ni fupi: miti isiyofaa katika mahali pasipofaa. Mkoko ulipandwa katika fukwe za mbele zilizo za mchu na mlilana, kwa kuwa mche wake mrefu ni mwepesi kuokota na kuchomeka. Sri Lanka nako, baada ya tsunami ya mwaka 2004, palipandwa sana. Watafiti walipotembelea maeneo 23 na kuchapisha matokeo mwaka 2017, katika maeneo tisa hawakukuta hata mche mmoja ulio hai.

Karibu zaidi na Pemba, katika ghuba ya Gazi, kusini mwa Mombasa, mambo yalikwenda vyengine. Wataalamu wa taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya, akiwemo Dkt. James Kairo, walianza kupanda tangu miaka ya 1990 mahali palipokuwa na mikoko kabla ya kukatwa, wakichagua aina kwa kufuata urefu wa ardhi. Baadaye wanakijiji walianzisha mradi wa Mikoko Pamoja mwaka 2013. Mradi huo hutunza hekta 117 na kuuza hewa ukaa iliyohifadhiwa na miti, na mapato yake yamesaidia maji na skuli. Matunda hayo yalichukua karibu miaka 20, muda ambao hausemwi sana pale wageni wanapopelekwa kuyatazama.

Upande wa pili wa ufuko, nyuma ya mikoko, kuna tatizo jengine. Tambarare zile nyeupe zinazofikiwa na bahari siku za bamvua tu, pamoja na baadhi ya mashamba ya chumvi yaliyoachwa, ni jangwa katika maana yake kamili. Maji huingia, jua huyakausha, chumvi hubaki, na bamvua linalofuata huongeza nyengine. Maji ya bahari ya kawaida yana takriban gramu 35 za chumvi katika lita moja. Ardhi ya tambarare hizo huweza kuwa na chumvi kupita hapo kwa mbali. Mchu ndio unaovumilia kuliko wenzake, na hata wenyewe hapo hudumaa ukawa kichaka kisichozidi kimo cha mtoto. Nafasi ya mbegu mahali hapa ni ile ile ya jangwani: majira ya masika, mvua inapoosha chumvi ya juu kwa wiki kadhaa. Mbegu ya mchu inayotua wakati huo huweza kupata mzizi wa kufika chini kabla ya kiangazi. Katika miezi ya kaskazi, jua likiwa kali na mvua haipo, hakuna ufundi wa mikono utakaoifaa.

Wakati mwengine tambarare imekufa kwa sababu mkondo wake umezibwa, na barabara au tuta au kifusi. Robin Lewis, mtaalamu wa Marekani aliyefanya kazi miaka mingi Florida, alikuwa akisisitiza kuwa kabla ya kupanda chochote iulizwe kwanza kwa nini miti haijioteshi yenyewe. Pale alipozibua mikondo na kurekebisha urefu wa ardhi, mbegu zilizoletwa na maji zilifanya kazi iliyobaki bila ya mtu kupanda. Swali hilo lina haki ya kuulizwa katika kila shehia. Ikiwa karibu kuna miti mama yenye mbegu, na mbegu zinafika, lakini hazishiki, basi kuongeza mbegu nyengine kwa mkono hakutabadilisha kitu.

Mkaazi anayetaka kujua kama mahali panafaa hahitaji chombo cha gharama. Atafute miche iliyojiotea yenyewe karibu na hapo, yenye umri wa mwaka au zaidi. Siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa kabisa, achomeke fimbo kati ya miche hiyo na kutia alama panapofika maji. Achomeke fimbo nyengine pale anapotaka kupanda na kufanya vivyo hivyo. Kina kikilingana au kikitofautiana kidogo, mahali panafaa kwa aina hiyo ya mti. Kina kikiwa kikubwa zaidi kwa kiasi cha goti, ahamie juu. Kazi hii huchukua saa moja.

Kuhusu mbegu, zikusanywe zilizokomaa. Mche wa mkoko uliokomaa huwa na pete ya rangi ya manjano pale unapokutana na kichwa cha tunda, na huachia mti kwa kuguswa tu. Unaolazimika kuvutwa haujawa tayari. Mbegu ya mchu iliyokomaa ganda lake hugeuka manjano na kuanza kupasuka. Zisizo na matundu ya wadudu wala alama za meno ya kaa ndizo za kuchukuliwa, zifunikwe kwa gunia lililoloweshwa, zikae kivulini, na zipandwe mapema. Mche wa mkoko huchomekwa kwa theluthi moja ya urefu wake, ncha ya jani ikitazama juu. Onyo hilo laweza kuonekana la kitoto, lakini katika kundi la watu wengi topeni haikosekani miche iliyopandwa kichwa chini. Mita moja kati ya mche na mche inatosha.

Mikoko yote ya Zanzibar iko chini ya ulinzi wa Sheria ya Misitu Namba 10 ya mwaka 1996, na haikatwi bila ya kibali. Vikundi vinavyokusudia kukusanya mbegu au kupanda vianze kwa sheha wa shehia husika na afisa misitu wa wilaya, hasa pale ambapo eneo linapakana na mashamba ya mwani, diko au njia ya vyombo.

Jambo la mwisho ni hesabu. Idadi ya miche iliyopandwa hutangazwa siku ile ile, na huwa kubwa. Idadi ya iliyo hai baada ya mwaka mmoja ndiyo inayomhusu mwenye bonde la mpunga, nayo ni adimu kuandikwa. Kikundi kichague safu tano, kizifunge kitambaa au kigingi, na kuzihesabu baada ya bamvua la kwanza, baada ya miezi mitatu, na baada ya mwaka, kikiandika tarehe ya mwezi iliyopandwa, aina ya mti na iliyobaki. Daftari hilo likikaa kwa sheha, kikundi kitakachokuja baadaye katika hori hiyo hiyo kitajua pa kuanzia, na pa kutorudia.